Usipakue Kabla Haijaiva: Somo la Mbolea ya Mboji kwa Bustani ya Nyumbani

Kwa kiongozi wa kikundi: Somo hili linatosha mikutano miwili. Lisomwe kwa sauti, polepole, ili hata asiyejua kusoma afuate. Mkifika mahali pa maswali, simameni mjadiliane kwanza. Msikimbilie kumaliza ukurasa. Mkutano wa pili ufanyiwe shambani, si ndani ya nyumba.



Wengi wenu mmeshafundishwa kutengeneza mboji. Mabua, majani, samadi, maji, geuza, maliza. Lakini tukitembelea vikundi tunasikia malalamiko yale yale: "Tulitengeneza, tukaweka, na mboga zikakataa." Basi leo hatutaongea tu juu ya kutengeneza. Tutaongea juu ya jambo ambalo watu wengi wanaliruka: kujua kama mboji IMEIVA, na kuitumia ikiwa imeiva. Hapo ndipo vikundi vingi vinapoteza msimu, na wakati mwingine vinapoteza hata urafiki.

HADITHI YA VITANDA VILIVYOGEUKA MANJANO

Katika vilima vya Vihiga, mahali ambapo mashamba ni madogo hata mtu akikohoa jirani anasikia, kuna kikundi cha akina mama kumi na wanane. Wana bustani ya pamoja kando ya chemchemi, vitanda ishirini vya sukuma wiki. Pesa za sukuma hiyo hupangiwa kazi hata kabla haijaota. Muhula wa pili ukikaribia kufunguliwa, kila mama hupata sehemu yake ya kusaidia mambo ya shule.

Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 madukani. Akina mama wakasema, "Hii hatuwezi. Tutengeneze yetu." Mwisho wa Januari iliyofuata wakajenga rundo kubwa la mboji. Kila mmoja alileta kitu. Huyu mabua, huyu samadi ya ng'ombe, mwingine samadi ya kuku kwenye gunia, mwingine majivu. Ilikuwa kazi nzuri.

Halafu mambo yakaingiliana. Kulikuwa na matanga, kisha ukame wa Februari ukafanya maji ya chemchemi kupungua. Rundo liligeuzwa mara moja tu, na halikunyweshwa inavyotakiwa. Katikati ya Machi mvua ikaanza. Walipolifungua rundo walikuta katikati bado kuna joto, na mabua yanaonekana kabisa kuwa ni mabua.

Mwenyekiti akasema, "Mvua haingoji mtu. Tuweke tu, itaozea huko huko ndani ya udongo."

Kulikuwa na nyanya mmoja, mjane, mkubwa kuliko wote. Yeye akasema, "Mwanangu, maharagwe yakiwa bado magumu hatuwapakulii watoto ati yataivia tumboni."

Wakacheka. Wakaweka. Wakapanda siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki mbili vitanda karibu vyote vilikuwa vya manjano. Miche mingine ilikufa, mingine ilisimama tu pale, haikui wala haifi. Kwenye mkutano lawama zikaanza. Mbegu ni mbaya. Aliyenyunyiza maji hakunyunyiza. Mwisho wakamgeukia yule mama aliyeleta samadi ya kuku, wakamwambia ati ndiye aliyeleta sumu. Akanyamaza, akachukua kikoi chake, akaenda nyumbani. Hakuja tena mikutanoni kwa miezi mitatu.

Sasa sikilizeni. Rundo halikuwa limekwisha lote. Nyanya alikuwa ameomba kile kilichobaki, kama robo yake. Alikigeuza, akakimwagia maji, akakifunika na majani ya migomba. Katikati ya Mei akakifungua. Kilikuwa cheusi na kilinukia kama udongo baada ya mvua. Akapanda nacho kitanda kimoja cha sukuma. Mabua yalikuwa yale yale, na samadi ya kuku ni ile ile. Nilipofika huko mwezi wa saba, majani ya kitanda hicho yalikuwa mapana kama sinia.

Mboji ilikuwa ni ile moja. Kilichokuwa tofauti ni miezi miwili.

Maswali ya kujadili kabla ya kuendelea:
1. Je, kikundi chetu kimewahi kulaumu mtu kwa jambo ambalo hatukulielewa?
2. Kama tungekuwa sisi, na mvua imeanza, tungefanya nini na rundo lile?

KWA NINI MBOJI MBICHI INADHURU

Mboji hutengenezwa na wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Wao ndio wafanyakazi. Sisi tunawaandalia tu chakula, maji na hewa. Kama mtu yeyote anayefanya kazi, nao wanahitaji kula, na chakula wanachokitaka sana kinaitwa naitrojeni. Hiyo naitrojeni ndiyo inayofanya majani ya sukuma kuwa ya kijani.

Mabua na majani makavu yana naitrojeni kidogo sana. Basi ukiyazika shambani kabla hayajaoza, wale wadudu wanaendelea na kazi yao mle mle ndani ya udongo. Wakikosa naitrojeni kwenye mabua, wanaitoa kwenye udongo. Ni kama wageni wengi wenye njaa kufika nyumbani chakula kikiwa bado kiko jikoni: wanamaliza kile kidogo kilichokuwa cha watoto. Baadaye kazi ikiisha wadudu hao hufa, na naitrojeni hurudi kwenye udongo. Lakini mche wa wiki mbili hauwezi kungoja hadi siku hiyo. Unaanza kuwa manjano, tena yale majani ya chini ndiyo ya kwanza.

Kuna madhara mengine. Mboji ambayo bado ina joto huunguza mizizi michanga. Samadi ya kuku ikiwa bado mbichi ni kali zaidi. Hapo akina mama walikuwa na ukweli kidogo, lakini kosa halikuwa la aliyeileta. Pia mbegu za magugu zinakuwa bado hai, kwa hiyo unapanda sukuma na magugu pamoja. Na viwavi wanaokata miche hupenda kujificha kwenye takataka ambazo hazijaoza vizuri.

KUJENGA RUNDO, KWA KIFUPI

Wale ambao mnajua tayari, hapa mjikumbushe tu.

Chagua mahali penye kivuli, karibu na bustani, pasipotuama maji. Mahali pa mvua nyingi kama Magharibi na milimani, jenga juu ya ardhi. Mahali pakavu kama Ukambani, tumia shimo la kina cha nusu mita hivi ili unyevu usipotee. Upana uwe mita 1.2 ili mtu afike katikati bila kukanyaga. Urefu mita 1.5 au zaidi. Rundo dogo sana halipati joto.

1. Lainisha ardhi kwa jembe, kisha weka vijiti na mabua yaliyokatwakatwa, unene wa shubiri moja. Hapa ndipo hewa itapitia.
2. Weka nyasi kavu na majani makavu, shubiri moja.
3. Weka samadi, unene wa vidole vinne. Asiye na ng'ombe atumie ya mbuzi, sungura au kuku.
4. Weka majani mabichi, shubiri moja.
5. Nyunyiza udongo wa juu kidogo na majivu kidogo sana. Majivu yakizidi hufukuza nguvu ya samadi ikapotea hewani.
6. Mwagia maji kila tabaka, kisha rudia kuanzia namba 2 mpaka rundo lifike kifuani, yaani kama mita 1.2 hadi 1.5.
7. Funika kwa udongo kidogo, halafu majani ya migomba au nyasi.

Katika majani mabichi, usisahau lile ua la manjano linalofanana na alizeti ndogo, lenye majani machungu, linaloota kando ya barabara na kwenye ua za mashamba. Wataalamu wanaliita tithonia. Katika miaka ya 1990 lilifanyiwa utafiti huko Maseno, ikaonekana kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi, na fosforasi kuliko majani mengi mengine. Watu wengi wanalifyeka na kulichoma. Hiyo ni mbolea inayoenda na moshi!

Visivyoingia kwenye rundo: plastiki, vyuma, betri, kinyesi cha mbwa na paka na cha binadamu, nyama na mafuta. Mizizi ya sangari na ndago ianikwe kwanza juani mpaka ikauke kabisa, la sivyo itaota upya. Kiduha, ambacho wengine wanakiita kayongo, king'olewe kabla hakijatoa mbegu, kikishatoa, kichomwe. Mimea ya nyanya au viazi iliyokufa kwa mnyauko nayo ichomwe. Majani ya mikaratusi yaachwe, hayaozi haraka.

FIMBO YA KUSEMA UKWELI

Ukimaliza rundo, chukua fimbo ndefu iliyonyooka, yenye ncha, uichome kwa mshazari kutoka juu hadi karibu na chini. Iache humo. Fimbo hii ndiyo itakuambia hali ya ndani bila kubomoa kitu. Baada ya siku tatu ichomoe uishike:

- Ikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea vizuri.
- Ikiwa kavu, na ina unga mweupe, rundo lina kiu. Mwagia maji.
- Ikiwa imelowa na inanuka vibaya, maji yamezidi na hewa imekosekana. Geuza na uongeze nyasi kavu.
- Ikiwa baridi tangu mwanzo, maji au samadi haikutosha. Angalia kwanza unyevu. Kama unyevu uko, geuza na uongeze samadi au majani mabichi.

Rundo likifanya kazi vizuri hupata joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na magonjwa mengi. Lakini pembeni hakuna joto la kutosha, ndiyo sababu tunageuza. Kila wiki tatu hivi geuza, na ya pembeni iende katikati, na ya katikati ije pembeni. Geuza mara mbili au tatu. Ukigeuza, usiongeze takataka mpya. Takataka mpya zianzishe rundo lingine, kwa sababu ukichanganya mbichi na iliyokaribia kuiva, zote zinarudi nyuma.

Kupima maji: chukua konzi moja, kamua kwa nguvu. Ikitoka tone moja au mawili katikati ya vidole, ni sawa. Yakichuruzika, yamezidi. Isiposhikana, ni kavu.

Maji ya kuoshea vyombo na mboga yanafaa. Yenye sabuni nyingi yaachwe.

ISHARA TANO ZA MBOJI ILIYOIVA

Mahali penye joto, rundo lililotunzwa vizuri huiva kwa miezi miwili na nusu hadi mitatu. Mahali pa baridi kama Kinangop na Limuru ongeza mwezi au zaidi. Lakini usitegemee kalenda peke yake.  Tazama ishara hizi, na zote tano ziwepo:

1. JOTO: Fimbo hutoka ikiwa baridi kama udongo wa kawaida. Ukigeuza rundo na kulinyeshea, joto halirudi. Hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu rundo lililokauka pia huwa baridi, na watu wanadanganyika hapo.
2. HARUFU: Inanukia udongo wa msituni. Harufu ya samadi, ya mkojo au ya kuoza ni dalili kwamba bado.
3. SURA: Ni nyeusi au kahawia nzito, inavunjika vunjika mkononi. Huwezi kusema hili lilikuwa jani la mgomba na hili bua. Vijiti vichache vilivyobaki si neno.
4. UKUBWA: Rundo limeshuka chini ya nusu ya lilivyokuwa.
5. VIUMBE: Nyungunyungu wameingia, nzi wameondoka.

Kama bado mna shaka, kuna majaribio mawili yasiyogharimu pesa.

Jaribio la chupa. Jaza mboji yenye unyevu kidogo kwenye chupa au mkebe wenye kifuniko. Funga, weka kivulini siku tatu. Fungua unuse. Ikiwa inanuka vibaya, wadudu bado wana kazi. Ikiwa bado inanukia udongo, imeiva.

Jaribio la mbegu. Chukua mikebe miwili iliyotobolewa chini. Mmoja jaza udongo mtupu wa shamba. Mwingine jaza udongo nusu na mboji nusu. Panda maharagwe kumi kwa kila mkebe na uyanyweshe sawasawa. Baada ya siku kumi hesabu. Yale ya mboji yakiwa machache, au yameota manjano na kupinda, ngojeni. Yakiwa sawa au yakiwashinda wenzake, nendeni shambani.

Jaribio hili lifanywe mbele ya kikundi chote, na mikebe ikae kwa mweka hazina au mtu anayeaminika. Mkifanya hivyo uamuzi hauwi wa mwenyekiti wala wa nyanya. Maharagwe ndiyo yatakayoamua, na hakuna atakayelaumiwa.

KUHESABU KURUDI NYUMA

Shida ya akina mama wale haikuanza Machi. Ilianza siku waliyochelewa kujenga. Mkulima wa mboji huhesabu kutoka siku ya kupanda akirudi nyuma. Ukitaka kupanda katikati ya Machi, rundo lijengwe mwanzoni mwa Desemba. Hapo una miezi mitatu na wiki mbili za kukopesha matanga, ugonjwa na ukame. Ukitaka kupanda na mvua fupi za Oktoba, jenga mwanzoni mwa Julai. Watu wa Ukambani, ambao mvua hizo ndizo wanazozitegemea zaidi, wasichelewe hapo.

Kwa vikundi: msijenge rundo moja kubwa la watu kumi na wanane. Jigaweni watu watano au sita. Wiki hii mnajenga kwa mama huyu, wiki ijayo kwa yule, kama vile mzunguko wa pesa. Kila mmoja ana rundo nyumbani kwake, kila mmoja ana fimbo yake, na yule aliye kando ya boma analichunga kila siku. Rundo la watu wote mara nyingi hulala na kiu, kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake amelimwagia.

KUTUMIA MBOJI ILIYOIVA

Rundo la upana wa mita 1.2, urefu mita 1.5 na kimo mita 1.5 likiiva linaweza kubaki na mboji kama debe 40 hadi 50. Hiyo inatosha vitanda ishirini vya upana wa mita moja na urefu wa mita tano. Yaani debe mbili kwa kitanda. Itandaze juu, kisha ichanganye na udongo wa juu kwa jembe la meno, kina cha shubiri moja tu. Ukiizika chini sana, mizizi ya mboga haiifikii.

Kama mboji ni kidogo, usiitandaze. Weka kwenye mashimo:

- Sukuma wiki, kabichi, nyanya, pilipili: konzi mbili kwa kila shimo, changanya na udongo, kisha panda.
- Mahindi: konzi moja kwa kila shimo.
- Mgomba: debe moja au mbili ndani ya shimo la kupandia, ikichanganywa na udongo wa juu.
- Kitalu cha miche: karai tatu za udongo wa juu, mbili za mboji, moja ya mchanga. Chekecha kwanza. Hapa usibahatishe hata kidogo. Mche mdogo ndio unaoumia kwanza mboji ikiwa mbichi.
- Managu, saga, terere na mboga nyingine za kienyeji mnazochuma mara kwa mara: ongeza konzi moja kando ya shina kila baada ya mwezi, funika na udongo.

Ikiwa hamtaitumia mara moja, ifunikeni. Jua kali huikausha, na mvua huiosha ikapeleka chakula chini. Kivuli na majani ya migomba vinatosha. Isikae zaidi ya miezi michache; mboji ni kama unga, haiongezeki kwa kukaa kwenye gunia.

MVUA IMEFIKA NA MBOJI BADO. SASA?

Usiichanganye na udongo wa mahali unapopanda leo. Una njia tatu.

Ya kwanza, chekecha. Pitisha kwenye wavu au kapu. Ile laini iliyopita ifanyie jaribio la chupa, na ikifaulu tumia kwa mashimo. Makapi yarudi kwenye rundo.

Ya pili, iweke juu ya ardhi, si ndani, kuzunguka migomba au miti ya matunda, mbali kidogo na shina. Hapo juu inaoza polepole, inashika unyevu, na haiibi chakula cha mizizi.

Ya tatu, kama una kitanda ambacho hutapanda kwa mwezi mzima, izike huko na ungoje wiki nne au zaidi.

Na kama umeshaiweka na majani yamegeuka manjano, usikate tamaa wala using'oe kila kitu. Loweka gunia la samadi au majani ya tithonia kwenye pipa la maji kwa wiki mbili, ukikoroga kila baada ya siku mbili tatu. Ongeza maji mpaka rangi iwe kama chai ya rangi iliyo nyepesi. Mwaga kwenye udongo kando ya mashina mara moja kwa wiki. Usimwagie majani yatakayoliwa, na mboga zioshwe vizuri. Mimea ambayo haijafa mara nyingi hurudi.

JAMBO LA KUSEMA WAZI

Mboji si dawa ya kila kitu. Mashamba mengi ya Magharibi yana upungufu wa fosforasi, na majani yaliyoota kwenye udongo maskini hutoa mboji iliyo maskini katika jambo hilo hilo. Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kununua mbolea kidogo ya dukani kwa ajili ya mahindi, si dhambi. Kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, ikichanganywa na udongo isiguse mbegu, pamoja na konzi ya mboji, husaidia kuliko mbolea ya dukani peke yake kwenye udongo uliochoka. Mboji hushika maji na kushika chakula kisioshwe na mvua. Kwa bustani ya mboga ya nyumbani, wengi huona baada ya misimu miwili au mitatu kwamba udongo umelainika, jembe linaingia bila kugombana.

MWISHO WA HADITHI

Mwezi wa saba, siku niliyoona kitanda cha Nyanya, mwenyekiti pia alikuwepo. Alikaa chini, akachukua udongo wa pale mkononi, akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na hii ni ile ile yetu?" Nyanya akamjibu, "Ni ile ile, mwanangu. Hata ya kuku imo."

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alienda nyumbani kwa yule mama aliyeambiwa ameleta sumu. Hakuenda na maneno mengi. Alibeba miche ya sukuma na kuomba msamaha mbele ya mume wake na watoto. Mama yule alirudi kwenye kikundi Agosti. Pesa za muhula wa pili hazikurudi, na kuna waliokopa kwa jirani ambao walikuwa bado wanalipa. Desemba walijenga marundo matatu, na la kwanza walilijenga nyumbani kwake.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika ishara tano, ni ipi ambayo sisi huwa hatuiangalii? Kwa nini?
2. Kila mmoja ataje vitu vitatu vya mboji vinavyopotea au kuchomwa nyumbani kwake.
3. Ni nani katika kikundi chetu ana ujuzi wa zamani ambao hatumsikilizi?
4. Tukihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupanda, tunatakiwa kujenga rundo tarehe gani? Mwandishi aiandike kwenye kitabu cha kikundi.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama aliye na rundo achomoe fimbo, na asiye na fimbo akate moja leo. Alete konzi moja ya mboji yake ndani ya chupa au mkebe uliofungwa siku tatu. Mkutanoni chupa zitafunguliwa moja moja, zipitishwe kwa kila mtu anuse. Yule ambaye yake inanuka asione haya. Ndiyo maana tunafanya pamoja. Kisha pandeni maharagwe kwenye mikebe, kumi na kumi, na mchague wa kuyanywesha.